Kukata si Kupasua

Kwetu Lupembe hakuna anayesema amekata mbao kutoka kwenye gogo. Mti hukatwa, gogo hupasuliwa. Mtoto anayechunga mbuzi anaijua tofauti hiyo kabla hajashika panga. Ukiaga kwamba unakwenda kukata, watu wanaelewa utaangusha mti au utapunguza gogo, chuma kikivuka upana wake. Ukiaga kwamba unakwenda kupasua, wanaelewa utafuata urefu, toka kitako hadi kwenye ncha, na jioni utarudi na mbao. Vitenzi viwili kwa kazi mbili, na zamani ilikuwa pia misumeno miwili. Hata leo fundi seremala anayejua kazi yake hataji msumeno tu. Ataomba msumeno wa kukatia, au ataomba wa kupasulia.

Kisha ikaja chenso, na vitenzi viwili vikabaki na chombo kimoja. Dukani wanauza cheni kwa urefu wa baa: inchi 20, inchi 25, inchi 36. Muuzaji haulizi unakwenda kukata au kupasua. Cheni inayotoka kwenye boksi, karibu kila mara, ni ya kukata, maana wanunuzi wengi wa chenso popote duniani wanaangusha miti na kupunguza magogo. Sisi tunaifunga hiyo hiyo, tunapanda juu ya gogo na kupasulia mbao. Nimefanya hivyo miaka sita bila kujiuliza. Nilianza kujiuliza mwaka wa saba, kwa sababu ya mlingoti mmoja.

Ulisimama bondeni chini ya nyumba ya mjomba wangu, ng'ambo ya kijito, mahali ambapo lori halifiki na trekta likishuka halipandi tena. Wenye mashamba makubwa ya misindano, kule Mafinga na Sao Hill, wana dingdong: benchi la chuma, injini ya dizeli na msumeno wa duara, vinavyohamishwa kutoka kitalu kimoja hadi kingine. Dingdong inataka magogo mengi na inataka barabara. Mti mmoja wa bondeni hauna hili wala lile, na hapo ndipo mahali pa chenso. Nasema wazi kwamba mtu anayepasulia chenso shamba zima la misindano anateketeza mali, na hesabu yake nitaileta. Lakini pale ambapo mbao zitatoka kwa kichwa na kwa bega, sijaona chombo kingine cha kukishinda hiki.

Mjomba alikuwa mpasuaji wa msumeno wa shimo tangu ujana wake. Siku hizi mgongo haumruhusu kuinama, lakini siku tuliyopasua mlingoti alishuka na fimbo yake, akaketi kwenye kisiki, akatazama. Nilikuwa na chenso ya zaidi ya cc 90, baa ya inchi 36, na fremu niliyotengenezewa na fundi wa kuchomelea: vyuma viwili vya pembe nne vinavyoibana baa, na reli zinazoteleza juu ya gogo ili kila ubao utoke na unene ule ule. Wazo la fremu hii limetoka Marekani, na huko wanaiita kwa jina la Alaska. Gogo la mviringo halina mahali palipo sawa pa kuanzia, kwa hiyo pasi ya kwanza hupita juu ya ubao ulionyooka uliopigiliwa mgongoni mwa gogo. Banzi la kwanza likishatoka, gogo lenyewe ndilo linalokuwa reli.

Cheni nilikuwa nazo mbili. Nilizinunua siku moja, za aina moja, meno ya umbo moja. Moja sikuigusa: ilibaki na pembe yake ya kiwandani, digrii 30. (Vitabu vyetu vya hisabati huita kipimo hicho nyuzi, lakini hapa nitasema digrii, ili neno nyuzi libaki kwa mti.) Nyingine niliipeleka kwa tupa kidogo kidogo, kila nilipoinoa, mpaka makali ya kila jino yakakaribia kunyooka, digrii 10. Kila kitu kingine kilikuwa sawa: gogo lile lile la futi 12, injini ile ile, mikono ile ile. Nilipasua ubao mmoja kwa cheni ya kwanza, nikabadilisha, nikapasua wa pili.

Kwa mwendo, cheni ya dukani ilishinda. Ilimaliza pasi kwa dakika tisa na kitu. Ile niliyoinoa mwenyewe ilifika dakika kumi. Nalitaja hili mapema kwa kuwa nimewasikia watu wakiisifu cheni ya kupasulia kana kwamba itakuongezea mbao kwa siku. Haikuongezei. Aliye na haraka, na mbao zake ni za kumwagia zege, hana sababu ya kusumbuka.

Tulipoziegemeza mbao mbili kwenye jiwe, nyuso zikitazama jua, mambo yalikuwa mengine. Ubao wa kwanza ulikuwa na mistari iliyouvuka toka ukingo hadi ukingo, mingine mirefu kwenda chini kiasi cha kuingiza ukucha. Kila mstari ni jino lililouma pembeni kuliko wenzake. Ubao wa pili ulikuwa na malaika tu, vinyweleo vifupi vinavyolala ukipitisha kiganja upande mmoja na kusimama ukikirudisha. Seremala atakayeupiga randa ubao wa kwanza atatoa milimita mbili kila uso kabla hajafika chini ya mikwaruzo. Wa pili atautoa manyoya tu. Na mikono yangu ilikuwa na ushahidi wake. Kwenye pasi ya kwanza fremu ilitetemeka mpaka vidole vikafa ganzi, na injini ilikuwa ikipanda na kushuka sauti kama mtu anayebishana. Kwenye pasi ya pili ilishika sauti moja mpaka mwisho.

Kwa nini digrii 20 tu zilete yote hayo? Ilinibidi niutazame mti upya, na nilisaidiwa na ufagio wa chelewa.

Lishike fungu la chelewa mkononi. Mti ni fungu la namna hiyo: mirija myembamba iliyolala sambamba toka mzizi hadi jani. Ukikata mti, jino la cheni linavuka chelewa kwa ubavu. Linatakiwa kukata kila kijiti mara mbili, upande huu na upande ule wa njia yake, kisha kile kipande cha katikati kitoke. Hapo pembe ya digrii 30 ina akili sana. Kona ya jino inatangulia kama ncha ya kisu, inachanja, na bamba la juu linafuata likizoa. Ndiyo maana chini ya mti unaoangushwa utaona vipande vyenye umbo, vinene, unavyoweza kuviokota kimoja kimoja.

Sasa ligeuze fungu, vichwa vya chelewa vikutazame. Hivyo ndivyo cheni inavyouona mti ikiwa kwenye fremu. Inavuka upana wa gogo, lakini inasonga mbele kufuata urefu, kwa hiyo kila jino linakutana na vichwa. Maelfu ya vichwa vimesimama wima, na hakuna ubavu wa kuchanja. Kinachohitajika ni kuvipunguza vyote kwa pamoja, kwa makali yaliyonyooka. Jino la digrii 30 likifika pale, kona yake inatangulia bila kuwa na cha kuchanja, na nguvu inayobaki inalivuta jino pembeni. La kulia linavutwa kulia, la kushoto linavutwa kushoto, mara mamia kwa sekunde, kwa kuwa cheni inakimbia mita 20 hivi kila sekunde. Kuta za njia zinakwaruzwa. Ndiyo mistari ile. Jino la digrii 10 linavisogelea vichwa likiwa karibu bapa, linavipunguza, linapita.

Kuna namna ya tatu, na ndiyo tuliyoizoea vijijini: kupasua bila fremu. Unapiga mstari kwa kamba iliyochovywa kwenye masizi ya betri kuukuu, unasimama juu au ubavuni mwa gogo, na baa unailaza ifuate urefu. Hapo jino linakwenda sambamba na nyuzi, linazimenya. Utaijua kazi hiyo kwa kinachotoka: tambi ndefu laini zinazojisokota na kujaa kwenye kifuniko cha sproketi mpaka cheni inasongwa. Ukiinua mkia wa msumeno kidogo tambi zinakatika, na kazi inaendelea. Kwenye fremu hutaona tambi, utaona unga. Mwembamba, wa rangi ya pinki kwa mlingoti, unaoingia puani, masikioni, na ndani ya kichujio cha hewa cha injini mpaka uukung'ute kila baada ya mbao mbili tatu.

Mjomba aliuchota ule unga kwa vidole, akaupepeta.

"Huu ni wa shimo, mjomba," aliniambia. Mjomba na mpwa kwetu huitana hivyo hivyo. "Huu ndio uliokuwa unanijaa machoni."

Sikumwelewa mpaka jioni. Kwenye shimo mtu mmoja husimama juu ya gogo na mwingine chini yake, msumeno ukipanda na kushuka kati yao. Meno yanavuka unene wa gogo, na kazi inasonga kufuata urefu. Ni mkao ule ule wa fremu yangu, ila umesimamishwa wima. Vichwa vya nyuzi ni vile vile, na unga ni ule ule, ukimwangukia aliye chini. Niliingia stoo yake na tochi. Msumeno wa shimo ulikuwa umening'inizwa juu ya magunia ya mahindi, mrefu kuliko mimi, umeshika kutu isipokuwa pale ulipopakwa grisi. Nikautazama kwa karibu kwenye ncha za meno. Kila jino lilikuwa limepigwa tupa moja kwa moja, kuvuka bamba, bila kulaliwa upande. Pembeni yake palikuwa na ule mwingine, wa kukatia, wenye vishikio viwili vya mti, na meno ya huo yalikuwa yamenolewa kwa kulaza tupa, kulia na kushoto kwa zamu, yakawa na ncha kama visu.

"La kupasulia ni patasi," Mjomba alisema toka mlangoni. "La kukatia ni kisu. Nani anachonga tundu la fremu ya mlango kwa kisu?"

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiifikiria historia ya cheni yenyewe, kwa sababu ndani yake kuna kiumbe asiyejali tofauti ya kukata na kupasua. Chenso za mwanzo, zile za Ujerumani za miaka ya 1920, zilibeba cheni zenye meno yaliyofanana na ya msumeno wa mkono. Yalikwaruza, yalichoka upesi, na kuyanoa kulikuwa kazi kubwa. Mwaka 1946, katika jimbo la Oregon, Marekani, mtu wa misitu aitwaye Joseph Buford Cox alikuwa akipasua kuni siku ya baridi alipoona kwenye kisiki buu la mbawakawa, nene kama kidole cha shahada, likila mti mzima kana kwamba ni kiazi. Alichokiangalia ni taya. Zilikuwa na umbo la herufi C, nazo zilikula kushoto, kisha kulia, kisha kushoto. Akachonga jino la chuma la umbo hilo, moja limegeukia kushoto na jirani yake kulia, na mwaka 1947 akaanza kuuza cheni alizozitengeneza kwenye chumba cha chini cha nyumba yake mjini Portland. Cheni nilizonazo mimi Lupembe, na karibu zote zinazouzwa leo, ni wajukuu wa taya zile.

Lakini buu lilikuwa likila kuvuka nyuzi na kufuata nyuzi, vyovyote lilivyopenda. Lina uwezo wa kugeuza kichwa chake. Chuma hakigeuzi kichwa. Umbo la taya likachukuliwa, kisha pembe ya kunolea ikapangwa kwa kazi iliyokuwa na wateja wengi, na kazi hiyo ni kukata. Anayepasua inambidi alifanye mwenyewe, kwa tupa, jambo lile ambalo buu linalifanya kwa shingo.

Si lazima kila mtu akae na tupa, bila shaka. Watengenezaji wakubwa, kampuni za Stihl na Oregon zikiwemo, wanauza cheni ya kupasulia iliyonolewa digrii 10 toka kiwandani. Granberg wa California, ambao jina lao limeambatana na fremu ya Alaska, wana ya kwao yenye mpango mwingine: baadhi ya meno yamepunguzwa upana yatangulie kuchanja mipaka ya njia, na meno mapana yanayofuata yanazoa katikati. Ni wazo zuri, na mantiki yake naipenda, kwa kuwa linagawa kazi badala ya kulibebesha kila jino kila kitu. Ila kuinoa kunataka mtu anayekumbuka lipi ni la kuchanja na lipi ni la kuzoa, na cheni ikivurugwa mpangilio mara moja haina faida tena. Kwa mtu aliye mbali na duka naona ni anasa.

Kuhusu idadi ya meno nina msimamo usio mkali sana. Cheni ya baa yangu ina viungo 114 vya kuendeshea, vile vinavyozama kwenye mfereji wa baa. Cheni iliyojaa ina jino kwa kila viungo viwili, yaani meno 57. Ile ya kuruka ina jino kwa kila viungo vitatu, yaani meno 38. Kati yao kuna ya nusu kuruka. Sababu ya kuruka ni unga. Kila jino hubeba unga wake kwenye uwazi ulio mbele yake mpaka litoke upande wa pili wa gogo, na gogo likiwa pana sana uwazi unajaa kabla ya safari kwisha. Jino lililoshiba halili. Zaidi ya hapo, meno machache yanaipunguzia injini mzigo. Kwa gogo la sentimita 50 na injini yenye nguvu nimeona cheni iliyojaa inatosha na uso unatoka laini zaidi. Kwa mti wa mita moja ningetaka ya kuruka bila kufikiri mara mbili. Mwenye injini ndogo naye achague ya kuruka, au bora zaidi aiache injini hiyo kwenye matawi. Kupasua ni dakika kumi mfululizo za moto wa juu, jambo ambalo kuangusha mti hakuliombi, na nimeona pistoni zilizolambwa kwa tamaa ya ubao mmoja zaidi.

Umbo la kona nalo lina watetezi wake. Kona ya mraba inakimbia kwenye msindano safi, na inakufa kwa gome lenye mchanga. Kona iliyoviringwa inakwenda taratibu na inadumu. Magogo yetu yanavutwa kwenye udongo mwekundu, na mchanga unabaki kwenye mipasuko ya gome hata ukilisugua gogo kwa maji. Nimeshahamia kwenye kona iliyoviringwa na sitarajii kurudi.

Jambo linaloniuma hasa ni upana wa njia. Cheni nene inakula njia ya milimita 9 hivi. Cheni nyembamba, ile yenye meno mafupi inayovaliwa na misumeno midogo, inakula kama 6. Msumeno wa mkanda, ule wa kiwandani, unakula 2. Chukua gogo lililochongwa mraba wa futi moja, milimita 305, ulipasue mbao za milimita 25. Kwa njia ya 9 unapata mbao tisa. Kwa njia ya 6 unapata kumi. Kwa njia ya 2 unapata kumi na moja. Mbao mbili kati ya kumi na moja zimegeuka unga na kumwagika majanini, na mti uliotumia miaka kuzitengeneza hautazirudisha. Ndiyo hesabu niliyoiahidi kuhusu shamba la misindano: kwa mti mmoja ni mbao mbili, kwa kitalu kizima ni lori. Na ndiyo sababu cheni nyembamba inanivutia, ingawa kwenye mlingoti mgumu inavutika upesi na inabidi uikaze kila pasi. Uso ulionyooka una sehemu katika hesabu hii pia. Zile milimita mbili za randa kila upande ni mti uleule, umepotea mara ya pili. Ukiongeza mikwaruzo juu ya njia, cheni ya digrii 30 haikuwa na haraka yoyote; ilinikopesha dakika moja bondeni, ikaja kuidai kwenye benchi la seremala.

Nimesema habari za pembe kama ndiyo kila kitu, na si kweli. Mbele ya kila jino kuna kijino butu kisichokata. Hicho ndicho kinachopima jino liingie mtini kiasi gani, na tofauti ya kimo kati yao ni kama milimita 0.65, pungufu kidogo ya unene wa kadi ya benki. Kila unaponoa jino, jino linarudi nyuma na kushuka, kwa sababu mgongo wake umeinama. Kijino kinabaki kilipokuwa. Baada ya kunoa mara kadhaa kijino kinakuwa kirefu kuliko jino, na cheni kali kabisa inateleza juu ya mti ikitoa moshi. Mtu anakandamiza, baa inapata moto, anasema cheni ni feki. Cheni si feki. Inahitaji tupa bapa, misukumo miwili juu ya kila kijino. Lakini misukumo minne ikawa mingi: jino linauma kuliko injini inavyoweza kutafuna, na kila unapogusa mti chenso inagugumia na kuzima. Nimeona pia mtu akinoa vizuri sana upande wa mkono wake wenye nguvu na kwa huruma upande wa pili, meno ya kulia yakawa mafupi kuliko ya kushoto. Mbao zake zote zilitoka na tumbo, kwa kuwa cheni ilikuwa ikikunja kona polepole ndani ya gogo, na fremu haikuweza kuizuia.

Ubao wa tano wa mlingoti ndio ulionifundisha habari ya meno mafupi. Tulikuwa tumepita theluthi ya gogo. Mlingoti una tabia ya kujikaza ndani. Ukiupasua, ubao unajiinua wenyewe au unaibana baa, kwa hiyo nilikuwa nikipiga kabari nyuma yangu kila futi mbili. Sauti ikabadilika ghafla, ikawa ya chuma kwa chuma, na cheche zikatoka na unga. Nilipozima na kuinua ubao tukaona doa la bluu iliyokolea, kama wino uliomwagika, na katikati yake nukta mbili zinazong'aa. Waya wa seng'enge. Ulikuwa umemezwa shubiri nzima ndani ya mti.

Mjomba alilitazama doa muda mrefu.

"Niliufunga mimi," alisema. "Tulikuwa na ng'ombe wanavuka kijito kwenda kwenye mahindi ya watu. Wewe ulikuwa hujazaliwa. Mti ulikuwa mwembamba kama mkono wangu."

Akaomba ubao ule usipigwe randa mahali penye doa. Sasa ni rafu jikoni kwake, na doa limeelekea nje.

Cheni iliyougonga waya ilikuwa ile ya digrii 10, niliyoihangaikia. Meno mengi yalipoteza makali tu, na hayo yanarudi. Jino moja, la ishirini na tatu kuhesabu toka kiungo nilichokipaka rangi ya kucha ya binti yangu ili cheni hizi mbili zisichanganyike, lilivunjika kona nzima. Usiku ule nililikaza kwenye jiliwa, nikachukua tupa ya mviringo ya milimita 5.5, nikaanza. Ili lipate makali tena nililirudisha nyuma sana, likawa fupi kuliko jirani zake kwa karibu theluthi.

Nikabaki na swali ambalo kila anayenoa hulifikia siku moja. Je, niyarudishe meno mengine 56 yalingane na lile moja? Vitabu vya maelekezo vinataka meno yote yawe na urefu mmoja, na nilishaona tumbo la mbao za yule mwenye mkono mzito. Nilianza hata kufanya hivyo. Misukumo mitano kwa jino la kwanza, mitano kwa la pili, vumbi la chuma likikusanyika kwenye gazeti. Kwenye jino la sita nikasimama. Upande mzima ukiwa mfupi cheni inapinda, hilo nimeliona. Jino moja peke yake halina nguvu ya kupinda kitu. Linapita kwenye njia ambayo wenzake wameshaifungua, halifiki mtini, halidhuru. Kuyashusha meno 56 ni kutupa chuma chenye mbao nyingi ndani yake.

Nililiacha. Nilinoa mengine misukumo mitatu mitatu, kama kawaida, digrii 10, upande wa kulia kwanza kwa sababu ndio mkono wangu dhaifu. La ishirini na tatu nililiruka. Nimeinoa cheni hiyo mara nne tangu wakati huo, na kila mara nikifika pale naweka ukucha juu ya jino na jirani yake kupima tofauti. Inapungua.